Venye mimi hununua, hukagua na kutunza vyombo vya zamani vya kromu vya kukaribishia wageni

Watu wakija kwangu Jumamosi jioni lazima mmoja aulize ile trei ya kabatini na ile sheka ya kokteli (chombo cha kutikisia vinywaji) yenye pete nyeusi nilizitoa wapi, na nimejibu mara nyingi hadi nikaona heri niandike yote pahali pamoja. Nimekusanya hivi vyombo miaka tisa sai na vyote vinatumika, hakuna cha kuangaliwa tu. Kabla hujatoa hata shilingi elewa kitu moja: kromu ni ngozi. Ni ngozi nyembamba sana, chini yake kuna nikeli, chini ya nikeli kuna shaba ama chuma, na hiyo ngozi ikishatoka hakuna kusugua kutairudisha.

Hatua ya 1: jua unatafuta nini

Vile vizuri zaidi ni vya miaka ya 1930. Marekani pombe ilikuwa imepigwa marufuku tangu 1920 hadi Desemba 1933, na ilipofunguliwa watu wakataka vyombo vya kuandalia vinywaji nyumbani, lakini pesa ilikuwa ngumu na vyombo vya fedha halisi, yaani silva, vilikuwa ghali. Kromu ikaingia hapo, inang'aa na haishiki weusi kama fedha, kwa hivyo haihitaji kijakazi wa kuipiga brashi kila wiki. Kampuni ya Chase, ya Waterbury huko Connecticut, ndiyo mimi napenda kuliko zote. Sheka yao ya Gaiety, iliyochorwa na Howard Reichenbach 1933, ni mche duara mrefu uliolainika na pete nyeusi zimeuzunguka, basi, hakuna maua hakuna nakshi. Kampuni ya Revere nao walitoa jagi la Normandie mwaka wa 1935, kazi ya Peter Müller-Munk, limechongoka mbele kama pua ya meli ile ya Kifaransa lililopewa jina lake. Halafu kuna Farber Brothers wa New York, hao glasi zao za rangi zinabanwa ndani ya kikombe cha kromu, glasi ikivunjika unatoa unaweka ingine.

Lakini Nairobi utakutana zaidi na vitu vya Uingereza ju ya historia yetu. Birika ya chai ya udongo iliyovalishwa koti la kromu lenye kitambaa ndani ili chai isipoe, trei za duara, ndoo za barafu, chupa za kutengenezea soda. Usivipuuze. Hiyo birika ya koti ndiyo hutoka kwangu kuliko chombo kingine chochote, maana nusu ya wageni wangu hawanywi pombe na chai ya tangawizi inakaa moto vizuri sana.

Hatua ya 2: pahali pa kutafuta

Masoko ya mitumba ya Toi na Gikomba, upande wa vyombo, na uende asubuhi mapema wakati magunia yanafunguliwa. Usiulize kromu, ukiuliza hivyo utaonyeshwa mifereji ya sinki, uliza "vyombo vya zamani vya wazungu" na muuzaji atajua. Pia wale wanaohama mitaa ya Karen, Lavington, Runda, huuza vitu vya nyumba yote wikendi moja, na hapo kuna vitu vimekaa kabatini miaka hamsini havijaguswa. Nenda na chenji, M-Pesa iwe na kitu, sumaku ndogo na tochi ya simu.

Hatua ya 3: kagua (usiharakishe hapa)

Kwanza rangi. Kromu ina ubluu kidogo kwa mbali, nikeli inaelekea umanjano, fedha ni nyeupe ya joto na ikikaa inashika weusi kwenye mikunjo. Ukiona chombo kina weusi wa kukaa na nyuma kimepigwa EPNS, hiyo ni fedha ya kupakwa, ni nzuri pia lakini ni kazi tofauti kabisa.

Pili sumaku. Ikishika kwa nguvu ndani kuna chuma, na kutu itakuja siku moja. Isiposhika inaweza kuwa shaba, na ndiyo tunataka, ama inaweza kuwa stenlesi, kwa hivyo angalia ukingo wa chini pale chombo kimekuwa kikisuguana na meza miaka yote, ukiona umanjano unachungulia hapo umepata shaba.

Tatu pindua. Sheka yangu ya kwanza niliitoa Toi ndani ya gunia la vifuniko vya thermosi, imejaa vumbi ya mafuta ile nzito ya jikoni, na mama alikuwa anataka kuniuzia na vijiko juu. Nikatema mate kwa kidole nikasugua kitako. Kikatoka kwanza kwato, halafu mkia, halafu mtu kutoka kiunoni kwenda juu amevuta upinde, kadogo kama ukucha. Huyo nusu mtu nusu farasi ndiye muhuri wa Chase. Nilishika pumzi, nikalipa 800 na vijiko nikachukua.

Nne pitisha ukucha juu ya uso wote polepole. Macho yatadanganywa na mwangaza lakini ukucha unasikia vishimo. Vishimo viwili vitatu sawa, lakini vikiwa vimekusanyika na ndani yake kuna ukijani, kutu ya shaba imeanza kusukuma ngozi kutoka chini, acha hiyo.

Tano, na hapa sibembelezani na mtu: mulika ndani. Sheka ama jagi ambalo ndani limechujuka hadi shaba inaonekana usilitilie ndimu, pasheni wala divai, asidi inakula shaba na hiyo shaba inaenda kwa mgeni wako. Solda za zamani, zile za kuunganishia vyuma, nazo nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Chombo kama hicho nunua uweke maua, ama weka glasi ndani yake.

Vishikio vya rangi, vyeusi, vyekundu, vya kahawia, vingi ni bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, ama ndugu zake. Sugua na kidole gumba hadi pawe moto halafu nusa, bakelaiti inatoa harufu kali ya dawa.

Hatua ya 4: bei

Taja yako kwanza, chini, kwa heshima. Usimwonyeshe muuzaji muhuri. Trei yenye mikwaruzo isilipiwe bei ya trei safi ati ju ni ya zamani.

Hatua ya 5: kusafisha

Maji vuguvugu, sabuni ya maji kidogo, kitambaa laini, mswaki laini kwenye mikunjo, suuza, kausha hapo hapo. Karibu kila kitu kinaisha hapo na watu hawaamini. Waya wa kusugulia sufuria usiguse, unga wa kusugulia usiguse, blichi usiguse kabisa ju klorini inatoboa kromu, na ule mchanganyiko wa chumvi na ndimu tunaotumia kwa shaba uache kwa shaba. Polishi ya fedha pia hapana, inakwangua.

Kama ni kromu juu ya chuma na kuna madoa ya kutu, kata kipande cha foili ya jikoni, kikunje, kichovye maji, sugua polepole. Alumini ni laini kuliko kromu kwa hivyo inatoa kutu bila kuchora uso. Ndoo ya barafu yenye kuta mbili usiizamishe kwenye beseni, maji yakiingia katikati hayatoki na inaanza kuoza ndani. Vishikio vya bakelaiti visilowekwe.

Na ile chupa ya soda, hata ikivutia vipi, usiijaze gesi kabla ya mtu anayezijua kuikagua, glasi ya zamani ikipasuka na presha ndani inaumiza watu.

Hatua ya 6: kupiga kromu upya

Mimi nilijaribu mara moja na nilijuta. Trei kubwa, nzuri, imechujuka katikati, nikaipeleka kwa fundi mmoja anayepiga bampa za magari. Ikarudi inang'aa kama kioo, nikafurahi, miezi minne ikaanza kubabuka kwa mapande ju haikusafishwa vizuri na nikeli ilikuwa karibu hakuna. Isitoshe ile mistari myembamba ya ukingoni ilikuwa imesagwa na mashine ikaisha, na hiyo ndiyo ilikuwa urembo wake. Sai nikipata trei imechujuka naiacha vile iko na naweka kitambaa katikati.

Hatua ya 7: wageni wakija

Panga kabatini mapema, trei chini, sheka na ndoo ya barafu juu, glasi zikizunguka. Sheka ijaze theluthi mbili tu, barafu inahitaji nafasi. Baridi ikifanya mfuniko ugome usigonge meza, ushike na kiganja ama kitambaa cha maji moto, unaachia. Kokteli yetu ya Dawa, ile ya vodka, ndimu na asali, haitikiswi, inakorogwa na kijiti chenye asali kwenye glasi, kwa hivyo hapo trei ndiyo inafanya kazi. Sheka naitumia kwa juisi ya pasheni na tangawizi, na watoto wanapenda kuitikisa wao wenyewe.

Kachumbari isikae moja kwa moja kwenye kromu, ina chumvi na ndimu pamoja, weka bakuli la glasi juu ya trei. Nyama sawa, lakini kisu kisikate hapo.

Wageni wakiondoka osha usiku huo huo, hata ukiwa umechoka, asali na ndimu visilale ndani. Kausha na taulo, acha sheka wazi hadi asubuhi hewa ipite, halafu funga kila chombo na kitambaa chake cha pamba. Usitumie gazeti wala karatasi ya nailoni, unyevu unabaki ndani, na msimu wa Julai utakuta madoa umeyatengeneza mwenyewe.