Kisu cha kambini: anza na mpini

Ukienda kununua kisu kisichokunjwa cha kutumia porini, usianze kwa kukodolea makali. Makali hunolewa; mpini mbaya utabaki nao. Ushike kwa nguvu kama mtu anayechonga mti, kisha lowesha mkono uushike tena. Mpini ukiteleza, au ukihisi kona inakufinya kiganjani, kirudishe. Mfinyo huo mdogo huwa lengelenge kabla hujamaliza kuchonga vigingi vya hema.

Halafu uliza chuma kimeingia kiasi gani ndani ya mpini. Kile kinachofika hadi mwisho, kwa upana wa mpini wenyewe, ndicho imara zaidi. Kikiwa chembamba na kimeishia katikati, kinaweza kuvunjika siku utakapokigonga kwa gogo ili kupasua kuni.

Urefu wa bapa? Sentimita 10 hadi 12 zinatosha kazi nyingi, na unene wa milimita 3 au 4. Wengi huvutiwa na visu vinene kama shoka, lakini jaribu kukata kitunguu kwa kisu hicho uone kinavyokipasua badala ya kukikata.

Chuma cha kaboni hunoleka upesi ila hushika kutu kikiachwa na unyevu, basi kifute na ukipake mafuta. Karibu na bahari mimi ningechukua chuma cha pua, kisichoshika kutu kwa urahisi.

Na ala uijaribu pia: kisu kikiwa ndani, igeuze juu chini uitikise, mbali na miguu. Kikichomoka, usiifunge kiunoni.