Kabla ya Kumwandikisha Mwanao katika Utafiti wa Chanjo ya Malaria

Wazazi wa Malindi na vijiji vyake, kuanzia Gede hadi Kakuyuni, wanaishi karibu na kituo kikubwa cha utafiti wa malaria, kile cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome Trust (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya) kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, na kwa hiyo si ajabu siku moja mfanyakazi wa nyanjani akapiga hodi na kuomba mtoto wako ashiriki. Usimpe jibu papo hapo. Mwombe akuachie karatasi ya ridhaa, kisha keti na mwenzako muisome, na asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoielewa vyema, iwe Kiswahili au Kigiriama.

Anza kwa kuuliza chanjo hiyo inafanya nini mwilini. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, iliyojaribiwa kuanzia mwaka 2009 kwa watoto 15,460 wa nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Kilifi, huufunza mwili kutengeneza kingamwili zinazokishambulia kimelea cha malaria punde tu mbu anapokiingiza, kabla hakijajificha kwenye ini. Miongoni mwa watoto waliochanjwa mara 4 kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, visa vya malaria vilipungua kwa takriban asilimia 36 katika miaka 4. Ni faida kubwa, lakini haitoshi kumfanya mzazi yeyote akunje chandarua na kukiweka kando. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na chanjo nyingine ya malaria, R21, ikafuata mwaka 2023.

Swali la pili, ambalo wengi hulisahau, ni watoto wasiopata chanjo mpya watapewa nini. Katika majaribio mengi kura ndiyo inayoamua nani apate chanjo mpya, na huenda mzazi na hata muuguzi wasijue. Katika jaribio la RTS,S, watoto wa miezi 5 hadi 17 walioangukia kundi la kulinganishwa walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ikiwa huwezi kuridhika na kura, afadhali ukatae mapema.

Kuhusu damu, uliza bila haya. Pwani yetu imesikia uvumi mwingi juu ya watafiti na damu, na hofu hiyo haimalizwi kwa kumkemea aliye nayo, bali kwa kumjibu. Taka kujua itatolewa mililita ngapi (kijiko kimoja cha chai ni mililita 5), mara ngapi, itapimwa nini, itahifadhiwa kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Kwa kawaida hupimwa wingi wa kingamwili, kwa maana pasipo damu haijulikani kama kinga imejengeka wala kama inafifia.

Hakikisha karatasi inataja idhini ya kamati ya maadili ya utafiti na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu utafiti nchini. Iseme pia ni nani atakayegharamia matibabu iwapo chanjo itamdhuru mtoto, na nauli ya kwenda kliniki italipwa vipi.

Ukitia sahihi, baki na nakala yenye nambari ya simu ya watafiti, uiweke pamoja na kijitabu cha kliniki, na umpeleke mtoto kwenye chanjo zake za kawaida kwa tarehe utakazokubaliana na watafiti. Una haki ya kumtoa wakati wowote bila kueleza sababu, na zahanati haiwezi kumnyima matibabu kwa ajili hiyo.