Msimamizi akifanya kazi ya karani wa reli Marekani: jinsi ya kufungua madai

Ukimkuta msimamizi amekaa kwenye kompyuta yako akisahihisha orodha ya mabehewa, akichapa hati za mizigo au akiwapigia simu wafanyakazi wa treni ya zamu ijayo, usigombane naye wala usiache kazi. Tazama saa, kisha andika.

Nasema hivyo kwa sababu nafasi ya karani haifutwi kwa siku moja. Huanza na msimamizi "kusaidia" nusu saa usiku, halafu zamu nzima ya Jumapili, halafu tangazo linabandikwa kwamba nafasi hiyo haihitajiki tena. Usaidizi wa nusu saa ukipita bila mtu kudai, kampuni itakuja kuuita desturi ya mahali pale, na desturi hiyo itatumika dhidi yako.

Usifikirie mgomo. Chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926, ubishi juu ya maana ya mkataba uliopo huitwa mgogoro mdogo, hata kama kwa aliyepoteza mshahara si mdogo hata kidogo. Njia yake ni madai ya maandishi, na mwisho wake ni bodi ya usuluhishi. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zinaweza kuzuia mgomo juu ya mgogoro wa aina hiyo ambao tayari uko mbele ya bodi. Kwa ndugu waliozoea CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania, ambako mfanyakazi hujaza fomu na kuipeleka Tume moja kwa moja, huku mambo ni tofauti: lazima madai yapande ngazi zote ndani ya kampuni kwanza.

Anza na mkataba

Mwombe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi nakala ya mkataba wa hali bora unaowahusu makarani wa reli yenu. Chama chenyewe kina asili ya mwaka 1899, mjini Sedalia, Missouri, na leo makarani wengi wako chini ya TCU, ambacho ni sehemu ya chama cha mafundi mitambo, IAM. Soma kifungu cha mwanzo kabisa, kile kinachotaja kazi zipi ni za makarani. Kuna aina mbili, na tofauti yao ndiyo huamua kama una kesi.

Aina ya kwanza hutaja tu vyeo: makarani, wapokea simu, watunza stoo. Ukiwa na hiyo, kampuni itakuambia uthibitishe kwamba kazi ile hufanywa na makarani peke yao, kwa desturi, katika reli nzima. Huo ni mzigo mkubwa, na madai mengi yameangukia hapo.

Aina ya pili, iliyoenea katika mikataba ya makarani tangu miaka ya 1980, hulinda nafasi pamoja na kazi yenyewe. Hapo huhitaji kuthibitisha upekee. Inatosha kuonyesha kwamba kazi ile ilikuwa mikononi mwa makarani kifungu kilipoanza kutumika, na kwamba sasa mtu asiye wa mkataba ameichukua.

Ujue pia utetezi wa kampuni, kwa sababu utausikia. Watasema kazi ilichukua dakika mbili tu, au ilikuwa sehemu ya kazi ya msimamizi mwenyewe. Mgumu kuliko yote ni ule wa kompyuta: kwamba zamani msimamizi alimpa karani karatasi naye akaiingiza kwenye mashine, na sasa anaingiza mwenyewe, kwa hiyo kazi haikuhamishwa bali hatua ya katikati imetoweka. Waamuzi wameukubali utetezi huo mara nyingi. Kwa hiyo ukiona msimamizi anafanya jambo ambalo karani bado analifanya vilevile zamu nyingine, kwa programu ileile, liandike kwa herufi kubwa. Hilo ndilo jibu lako.

Daftari

Siku hiyohiyo andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, jina na cheo cha msimamizi, kazi aliyofanya, skrini au fomu aliyotumia, na nani alishuhudia. Andika pia karani yupi alipatikana kuitwa: aliyekuwa zamu, aliyekuwa siku ya mapumziko, au aliyekuwa kwenye orodha ya akiba. Hifadhi nakala za kumbukumbu unazoruhusiwa kuchapa, hasa zinazoonyesha jina la aliyeingiza taarifa. Usichukue usichoruhusiwa, utaigeuza kesi ya mkataba kuwa kesi yako ya nidhamu.

Tuliokulia kwenye Kiswahili tuwe makini na saa. Saa nane na dakika kumi usiku, kwenye karatasi za reli, ni 0210. Ukiandika 8:10 umetaja muda ambao pengine msimamizi hakuwepo kabisa, na shahidi wa kampuni atakuwa na haki ya kukukana.

Barua ya madai

Barua huandikwa kwa Kiingereza, kwa kawaida na mwakilishi wa chama kwa niaba yako, lakini yaliyomo yanatoka kwako. Iwe na jina la anayedai, tarehe na saa, kazi iliyochukuliwa, nani aliichukua, vifungu vilivyovunjwa, na malipo unayodai. Usiandike "msimamizi hufanya kazi zetu kila mara". Andika hivi: "Tarehe 14 Machi, kuanzia 0210 hadi 0335, ofisa wa uendeshaji aliingiza orodha ya mabehewa 62 ya treni iliyoingia, kazi ya karani wa zamu ya usiku. Mdai alikuwa siku ya mapumziko, alipatikana kwa simu, na hakuitwa." Kisha dai malipo ambayo mkataba unampa karani aliyeitwa, bila kuongeza chumvi.

Mikataba mingi ya makarani imebeba utaratibu wa makubaliano ya kitaifa ya tarehe 21 Agosti 1954: barua imfikie ofisa anayehusika ndani ya siku 60 tangu tukio. Siku 60, si miezi miwili. Mkataba wenu ukiwa na muda mwingine, fuata wa kwenu. Ikiwa uvunjaji unaendelea kila siku, unaweza kudai wakati wowote, ila malipo hayarudi nyuma zaidi ya siku 60 kabla ya barua. Pata ushahidi wa kupokelewa: muhuri, saini au barua ya rejista.

Kampuni nayo ina siku 60 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Ikinyamaza, madai hulipwa kama yalivyoandikwa, ingawa hayawi mfano kwa kesi nyingine. Ikikataa, mna siku 60 tena za kuarifu kwamba hamkubali na kukata rufaa ngazi inayofuata, hadi kwa ofisa wa juu kabisa aliyeteuliwa kushughulikia madai. Lazima pia pawe na kikao cha mazungumzo baina ya chama na kampuni. Omba tarehe yake iandikwe katika barua na iingie kwenye jalada. Kuna madai yaliyotupwa kwa sababu jalada halikuonyesha kikao, na ubishi huo ukafika Mahakama Kuu mwaka 2009.

Bodi

Uamuzi wa ofisa wa juu ukitoka, chama kina miezi 9 kuyapeleka madai kwenye Bodi ya Taifa ya Usuluhishi wa Reli, NRAB, yenye makao Chicago. Makarani wako Kitengo cha Tatu. Chama hutuma taarifa ya kusudio, kisha kila upande hutoa maelezo yake. Njia nyingine ni bodi maalumu kati ya chama na reli yenyewe, iliyoruhusiwa na marekebisho ya mwaka 1966. Wajumbe ni nusu ya kampuni na nusu ya vyama; wakifungana, mwamuzi asiye na upande huamua, na serikali ndiyo humlipa.

Bodi haipokei ushahidi mpya. Barua ya shahidi uliyoisahau nyumbani, hata iwe ya kweli kiasi gani, haitasomwa Chicago kama haikuwekwa mezani wakati madai yalipokuwa ndani ya kampuni. Kwa hiyo kabla ya jibu la mwisho, keti na mwakilishi mpitie jalada karatasi kwa karatasi.

Uamuzi wa bodi ni wa mwisho. Mahakama huuingilia tu ikiwa bodi haikufuata sheria, ilivuka mamlaka yake, au mjumbe alihusika na udanganyifu au rushwa, na kesi hiyo ina kikomo cha miaka 2. Mkishinda, linganisha hati yako ya mshahara na kiasi kilichoamriwa. Kama hakijaingia kufikia tarehe iliyotajwa kwenye amri, mwarifu mwakilishi kwa maandishi, kwa kuwa sheria inaruhusu kuiomba mahakama ya shirikisho iilazimishe kampuni kulipa.