Jinsi ya Kuchagua Pedali ya Fazi kwa Mngurumo Mzito wa Roki

Wapiga gita wengi wanaotafuta fazi, pedali inayoikwaruza sauti ya gita la umeme, huuliza kwanza ipi inanguruma kuliko zote. Swali hilo haliwafikishi mbali, kwa sababu karibu kila fazi ina mngurumo wa kutosha na wa kuzidi. Kinachoamua ni masafa ya kati, yaani sauti zisizo za chini sana wala za juu sana: dramu na besi zikiingia, gita lako litaendelea kusikika au litamezwa? Nitakupitisha kwenye njia ninayoifuata mimi ninapomchagulia mtu pedali. Inaanzia mbali kidogo na pedali yenyewe.

Hatua ya 1: Anza na amplifaya

Fazi hulikuza wimbi linalotoka kwenye gita hadi saketi ishindwe kulibeba, na vilele vyake vikakatwa. Wimbi lililokuwa la mviringo linakaribia kuwa la mraba. Kukatwa huko ndiko kunakozaa harmoniki nyingi za juu, yaani sauti za ziada zilizo juu ya noti yenyewe, ule mkwaruzo tunaoutafuta. Lakini kabla harmoniki hizo hazijafika masikioni zinapita kwenye amplifaya na spika, na hapo zinaweza kulainishwa au kuharibiwa kabisa.

Kwa hiyo jiulize: amplifaya yako, bila pedali yoyote, ni safi au tayari inanguruma? Kama ni ya valvu (mirija ya kioo inayokuza umeme) na iko ukingoni mwa kunguruma, fazi rahisi ya transista mbili (vijenzi vidogo vya kukuza umeme) itaisukuma na utapata sauti nene, yenye pumzi. Jimi Hendrix aliichomeka Fuzz Face, fazi ya aina hiyo, kwenye amplifaya za Marshall zilizofunguliwa kwa sauti kubwa, na sehemu kubwa ya unene ule ilitoka kwenye amplifaya. Chukua pedali hiyohiyo uiweke mbele ya amplifaya safi ya transista, kwa sauti ya chumbani, nawe utasikia nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo.

Kama amplifaya ni safi na itabaki safi, tafuta fazi inayokuja na umbo lake kamili la sauti. Ukoo wa Big Muff, fazi nitakayoieleza katika hatua ya 2, unafaa sana hapa. David Gilmour wa Pink Floyd aliitumia mbele ya amplifaya za Hiwatt zenye sauti safi, na noti zake zilidumu bila kuitegemea amplifaya ingurume.

Na kama unarekodi moja kwa moja kwenye kompyuta, lazima uweke kiigizo cha kabati la spika, yaani programu au kifaa kinachoiga sauti ya spika ya gita. Spika ya gita hupunguza sana masafa yaliyo juu ya takriban 5 kHz. Bila kizuizi hicho, fazi yoyote ile, hata iliyo bora, itakukera. Usiihukumu pedali kabla ya kurekebisha jambo hilo.

Hatua ya 2: Zijue koo zake

Madukani kuna fazi nyingi mno, lakini karibu zote ni watoto au wajukuu wa saketi chache. Ukishaujua ukoo, nusu ya uchaguzi umemaliza.

Fuzz Face ilitolewa na kampuni ya Arbiter jijini London mwaka 1966. Ina transista mbili tu na vijenzi vichache. Masafa yake ya kati yamejaa, na inaitikia mkono wako kuliko fazi nyingine yoyote: piga taratibu inalainika, piga kwa nguvu inafoka. Kwa roki nzito inahitaji amplifaya inayosaidia.

Tone Bender ilibuniwa na Gary Hurst, London pia, mwaka 1965. Matoleo yake kadhaa yana transista tatu. Ni kali zaidi, ina makali ya mbele yanayokata katikati ya bendi. Mtu anayetaka rifu (vipande vifupi vinavyorudiwa) nzito za zamani, zile za gita moja linalobeba wimbo mzima, mimi humpeleka hapa kwanza.

Big Muff ya Electro-Harmonix ilitoka New York mwaka 1969, na hii inahitaji maelezo marefu kidogo. Toleo la kawaida lina hatua nne za transista, na mbili za katikati hukata wimbi kwa daiodi, vijenzi vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Ndiyo maana noti hudumu muda mrefu na sauti ni laini, nzito, kama ukuta. Tatizo liko kwenye nobu yake ya toni. Ukiiweka katikati, saketi inachimba shimo karibu na 1 kHz, na huko ndiko gita linakoishi ndani ya bendi. Ukiwa peke yako chumbani utaipenda sana: besi pana, juu kunameremeta. Mpiga dramu akianza na gita la besi likaingia, unapotea. Usiikatae kwa sababu hiyo, ila nunua ukijua, na ukiweza tafuta toleo lenye nobu au swichi ya masafa ya kati. Leo yapo mengi.

Ndani ya ukoo huo kuna tofauti zinazosikika. Matoleo ya Kirusi ya miaka ya 1990, yaliyouzwa kwa jina la Sovtek, yana sauti za chini nzito na yanapendwa hata na wapiga besi. Toleo la op-ampu (chipu ya kukuza sauti iliyochukua nafasi ya transista) la mwishoni mwa miaka ya 1970 limekazwa zaidi na lina mkwaruzo mkavu. Billy Corgan wa Smashing Pumpkins alilitumia kwa tabaka juu ya tabaka za gita mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa mngurumo mzito wa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, hilo la op-ampu ndilo chaguo langu. Linashikika.

Kisha kuna fazi za oktava, kama Octavia ya Roger Mayer na Univox Super-Fuzz, zinazoongeza noti ya oktava moja juu. Oktava husikika vizuri zaidi ukitumia pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya shingoni, toni ya gita ukiipunguza, na ukipiga kuanzia freti ya 12 kwenda juu. Na kuna zile za vurugu, kama Fuzz Factory ya Z.Vex yenye nobu tano, inayoweza kupiga mluzi yenyewe hata hujagusa uzi. Ni vyombo vizuri, lakini zisiwe fazi yako ya kwanza.

Hatua ya 3: Gerimani au silikoni

Hizi ni aina mbili za malighafi ya transista. Kwa mngurumo mzito, silikoni. Transista za silikoni zina ukuzaji mkubwa zaidi, sauti angavu zaidi, na hazibadiliki ovyo. Gerimani ni laini na tamu, lakini joto linaiathiri: umeme unaovuja ndani ya transista huongezeka kadiri joto linavyopanda, na pedali iliyosikika vizuri asubuhi inaweza kukwama chini ya taa za jukwaani.

Tena fazi nyingi za gerimani hutumia transista za aina ya PNP, na chanya ndiyo iliyounganishwa na ardhi ya saketi. Pedali kama hiyo usiiweke kwenye waya mmoja wa umeme na pedali nyingine za kawaida, utafupisha umeme. Ipe betri yake, au njia ya umeme iliyotengwa.

Hatua ya 4: Ijaribu kwa gita lako, na kwa sauti kubwa

Usichague kwa kutazama video peke yake. Kilichosikika pale kimepitia maikrofoni, kimechanganywa, na pengine mpigaji ana pikapu tofauti kabisa na zako. Pikapu za hambaka, zenye koili mbili za waya, hutoa sauti nene na yenye nguvu, hivyo fazi yenye besi nyingi inaweza kugeuka tope. Pikapu za koili moja ni nyembamba na angavu, na huipokea fazi nene vizuri.

Ukiwa na gita lako mkononi, piga mambo haya kwa mpangilio:

1. Noti ya msingi na ya tano pamoja. Uzi wa A ulio wazi ni 110 Hz, na E iliyo juu yake ni takriban 165 Hz. Fazi huzalisha pia tofauti ya hizo mbili, yaani 55 Hz, ambayo ni A ya oktava moja chini. Ndiyo sababu kodi za namna hii husikika kubwa kuliko noti zilizopigwa. Fazi ikishindwa hapa, iache.

2. Kodi kamili yenye noti ya tatu. Hapa noti za ziada zinazozaliwa na fazi hazipatani vizuri na kodi yenyewe, na sauti hutibuka. Kila fazi hutibuka. Unachosikiliza ni kama bado unaitambua kodi.

3. Rifu ya haraka huku umeziba nyuzi kwa kiganja. Je, kila pigo linaanza na kuisha, au yanaungana kuwa mvumo mmoja? Kama unashusha tuning ya gita, jaribio hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

4. Noti moja uiache idumu. Sikiliza inavyokufa: kwa utaratibu, au kwa kukatika na kutetemeka.

Halafu punguza nobu ya sauti kwenye gita mpaka karibu nusu. Fuzz Face nzuri itasafika hadi karibu sauti safi. Big Muff haifanyi hivyo kwa kiwango hicho, na hilo si kasoro, ni tabia yake. Ila kama unataka ubeti safi na kiitikio kizito bila kugusa pedali kwa mguu, umeshajua ukoo wako.

Hatua ya 5: Iweke mahali pake

Fazi za ukoo wa Fuzz Face zina impidansi (ukinzani wa umeme) ndogo ya kuingilia na zinataka kuziona pikapu moja kwa moja. Ziweke mwanzo kabisa. Bafa, saketi ndogo inayoimarisha mawimbi ya gita, ikitangulia, sauti inakuwa kali na nobu ya gita haisafishi tena. Kumbuka kwamba pedali nyingi za Boss, ikiwemo ile ya kawaida ya kutuni, zina bafa hata zikiwa zimezimwa. Na wa-wa, pedali ya kukanyaga inayopeperusha toni, ikitangulia fazi hiyo mara nyingi hupoteza mpito wake, jaribu kuigeuza. Big Muff haisumbuki sana na mambo haya.

Hatua ya 6: Rudisha masafa ya kati

Kama umeipenda fazi inayochimba shimo, weka baada yake ovadraivu (pedali ya mngurumo mwepesi kuliko fazi) ya aina ya Tube Screamer. Hiyo huinua masafa karibu na 720 Hz na kupunguza sauti za chini. Nobu ya geini (kiasi cha mngurumo) iwe chini, ya sauti iwe juu. Ekwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa, hufanya kazi hiyohiyo kwa usahihi zaidi. Kisha punguza geini ya fazi yenyewe kuliko unavyotaka ukiwa peke yako: geini nyingi hubana tofauti kati ya pigo la nguvu na pigo jepesi, na bendi nzima inasikika ndogo.

Kelele itabaki. Geti ya kelele, pedali inayozima sauti iliyo chini ya kiwango fulani, iweke baada ya fazi, na uirekebishe huku gita likiwa limefunguliwa hadi mwisho na mikono imezituliza nyuzi. Ongeza kizingiti, yaani kiwango hicho, polepole, na pale tu mvumo unapokatika, simama, kisha urudie jaribio la noti inayodumu. Noti ikifa mapema, shusha kizingiti.