Hamishia fokasi kwenye kidole gumba

Kila msaidizi anayekuja kufanya kazi nami nampa kamera ikiwa imeshabadilishwa vitufe, na kila mmoja ananirudishia ndani ya dakika tano akisema imekufa: anabana shata, kile kitufe cha kupigia picha, lenzi haiendi. Namwambia abane kitufe kilicho nyuma kwa kidole gumba. Lenzi inaamka, naye anashangaa kwa nini kamera haikutoka kiwandani hivyo.

Kamera ya DSLR, ile yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha, ikitoka dukani, kitufe cha shata kina kazi mbili. Ukikibana nusu kinafokasi, ukikimalizia kinapiga picha. Kwa picha za pasipoti hilo halina shida. Shida huanza ukumbini. Milango imefunguliwa, maharusi wanaingia, MC anapiga kelele, na mashangazi wote wamesimama na simu juu. Umeshafokasi uso wa bibi harusi vizuri, unapiga ya kwanza safi. Unaachia shata, unabana tena, na hapo hapo mkono wenye simu unapita mbele. Kamera haijui nani ana harusi leo. Inaukimbilia ule mkono, na picha ya pili ina bangili za shangazi zinazong'aa na bibi harusi aliyegeuka ukungu.

Dawa yake ni kuzitenganisha zile kazi mbili. Shata ibaki na kupiga tu, fokasi ihamie kwenye kitufe cha nyuma. Ukikishikilia, kamera inamfuata mtu. Ukikiachia, fokasi inabaki pale ilipo hadi utakapobana tena. Mtu akipita na simu, unaachia gumba na kuendelea kupiga. Canon waliuweka mpangilio huu kwa mara ya kwanza mwaka 1989 kwenye EOS 630, kamera ya filamu, kwa hiyo hata bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya mtumba uliyoiokota Kariakoo karibu hakika inao. Umefichwa tu ndani ya menyu.

Nianze na Canon ndogo, maana ndizo nyingi mtaani: 700D, 1300D, 2000D na ndugu zao. Hizi hazina kitufe maalum cha fokasi nyuma. Tunatumia kile chenye alama ya nyota, juu kulia, pale gumba linapolala lenyewe. Zungusha gurudumu la juu uweke kwenye P, Tv, Av au M. Hili ni la lazima: ukiwa kwenye mraba wa kijani wenye A+, yaani hali ya kamera kujiamulia kila kitu, sehemu tunayoitaka ya menyu haitaonekana. Ingia kwenye menyu, tafuta ukurasa wenye alama ya spana ulioandikwa Custom Functions, kisha pitia hadi ukute kipengele cha Shutter/AE lock button. Namba ya kipengele inatofautiana kidogo kati ya bodi na bodi, kwa hiyo fuata jina.

Ndani yake kuna machaguo manne, kuanzia 0 hadi 3. Wengi wanachagua 1 kwa sababu ndiyo ya kwanza inayotaja nyota kufokasi. Inafanya kazi, ila ina mkia wake: ukibana shata nusu, kamera inafunga kipimo cha mwanga hapo hapo. Mtu akitoka kivulini kuingia juani huku umeshikilia nusu, kipimo kimebaki cha kivulini na gauni jeupe linaungua, linatoka weupe mtupu bila nakshi. Chagua 3. Hapo nyota inafokasi, na mwanga unapimwa wakati ule ule picha inapopigwa.

Canon kubwa kama 80D, 7D Mark II au 5D Mark III zina kitufe kabisa kilichoandikwa AF-ON. Watu wanakiona, wanakitumia, wanadhani wamemaliza. Bado. Hicho kitufe kinafokasi tangu kiwandani, lakini shata nayo inaendelea kufokasi, kwa hiyo bado una madereva wawili kwenye usukani mmoja. Nenda Custom Controls, chagua alama ya shata iliyobanwa nusu, uiweke kwenye Metering start. Maana yake shata ipime mwanga tu. AF-ON iache kama ilivyo.

Kwenye Nikon tunatumia kitufe kilichoandikwa AE-L/AF-L, kando ya dirisha la kuchungulia. Kwa D3500: menyu ya spana, Buttons, kisha AE-L/AF-L, chagua AF-ON. Kwa D7100 na D7200, nenda menyu ya penseli, kundi la f, kipengele f4, chagua AF-ON. Kwa bodi hizi ukishafanya hivyo shata inaacha kufokasi yenyewe, huna haja ya kuizima kwingine. D500 na D850 zina kitufe cha AF-ON tayari. Humo nenda menyu ya penseli, kundi la a, tafuta AF activation, weka AF-ON only.

Jambo moja kwa wenye D3500, D5600 na Nikon nyingine ndogo: bodi hizi hazina mota ya fokasi ndani. Ukifunga lenzi ya zamani ya AF-D, mathalani ile 50mm f/1.8D inayouzwa rahisi, unaweza kubana kitufe cha nyuma mpaka jioni na hakuna kitakachosogea. Kosa haliko kwenye menyu. Lenzi hiyo inahitaji bodi yenye mota, kama D7100, au uzungushe fokasi kwa mkono.

Kubadilisha kitufe peke yake ni nusu ya kazi. Sasa badili na namna ya kufokasi: Canon weka AI Servo, Nikon weka AF-C. Kwenye hali hii kamera haikomi kufokasi kadiri gumba limebana. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu kitufe kimoja kinakupa tabia mbili bila kurudi kwenye menyu. Mtu amesimama? Bana, ukiona uso umetulia, achia, panga picha yako unavyotaka, piga. Mtu anatembea? Bana na usiachie.

Halafu chagua nukta moja ya fokasi, kati ya zile alama ndogo unazoziona ndani ya dirisha, usiiachie kamera ichague. Kwenye Canon 2000D kuna nukta 9, na ya katikati ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Nikon D3500 ina 11, na hali ni ile ile. Kwenye ukumbi wenye taa za zambarau mimi siihangaikii nyingine, natumia ya katikati.

Kabla hujaenda kazini, jaribu mezani. Weka chupa ya maji karibu, kama mita moja, na nyuma yake mbali kidogo weka kitu chenye maandishi, hata kalenda ya ukutani. Elekeza nukta kwenye lebo ya chupa, bana gumba, achia. Sasa geuza kamera kwenye kalenda, bana shata nusu. Sikiliza lenzi na tazama ndani ya dirisha. Kalenda ikibaki ukungu, umefaulu. Ikijisafisha, shata bado inafokasi. Rudi kwenye menyu. Na usisubiri ule mlio wa bip. Kwenye AI Servo na AF-C kamera hailii ikishapata fokasi, na hili linawatisha wengi wakadhani wameharibu. Macho yako ndiyo bip.

Siku za mwanzo kidole kitasahau. Utabana shata kwa mazoea, picha itoke na fokasi ya kitu ulichopiga kabla. Kwa hiyo usianze kujifunza siku ya harusi ya mtu. Nenda ndondo, mechi za mpira za mtaani. Pale Kinesi au kiwanja chochote cha mtaani, simama nyuma ya goli kidogo pembeni, shika winga mmoja na umfuate: gumba limebana, shata inapigwa kwa vipindi. Mwamuzi akikatiza mbele yako, inua gumba. Akipita, bana tena. Zoezi hilo linafundisha haraka, kwa sababu mpira haukusubiri ufikirie kidole kipi kifanye nini.

Kwenye picha za familia ndipo ninapoupenda mpangilio huu zaidi. Upande wa bwana harusi wamepangwa mistari mitatu, kuna mtoto analia, kuna mjomba anayefunga macho kila flashi ikiwaka. Unahitaji picha nyingi za kundi lile lile. Namfokasi mtu mmoja wa mstari wa kati, naachia gumba, nafunga tundu la lenzi hadi f/8, na kuanzia hapo napiga tu. Kamera haipotezi muda kutafuta, na hakuna picha ambayo fokasi imerukia mapazia ya nyuma kupitia pengo kati ya vichwa viwili. Ukitaka nawe uwemo kwa kipima muda, fokasi kwanza kwa gumba, kisha bonyeza na ukimbie.

Kuna masharti mawili hapo. Usisogeze miguu, na usizungushe zumu baada ya kufokasi, maana lenzi nyingi za zumu, hasa za bei ya kawaida, hupoteza fokasi ukibadili urefu. Kimoja kikitokea, bana gumba upya. Kwenye picha za mtu mmoja sharti linakuwa kali zaidi. Lenzi ya 50mm ikiwa wazi f/1.8 kwenye bodi ndogo kama hizi, na mtu yuko mita 2, kina cha mahali panapoonekana safi ni kama sentimita 11 tu. Bibi harusi akicheka na kuinama mbele kidogo, ametoka humo. Kwa picha hizo siachii gumba. Nabaki nimebana mpaka nimalize, na nukta naiweka juu ya jicho lenyewe badala ya kufokasi kisha kupanga upya.

Sasa ubaya wake, kwa sababu upo. Ukumbi ukiwa giza kweli, maharusi wakifungua muziki taa zimezimwa, AI Servo na AF-C huwa zinahangaika. Ile taa nyekundu ya flashi inayosaidia fokasi haiwaki kwenye hali hizo. Inawaka kwenye One Shot ya Canon na AF-S ya Nikon, hali ambazo kamera inafokasi mara moja na kutulia. Kwa hiyo kwa dansi la kwanza nabadili kwenda One Shot, kitufe kikibaki kile kile cha nyuma: bana, taa inamulika, fokasi inashika, piga. Wakianza kuzunguka na mwanga ukirudi, narudi AI Servo.

Wenye Nikon wana mtego hapa. Kwenye AF-S, kamera kwa kawaida hukataa kupiga kama haioni fokasi, na ukifokasi kwa gumba, ukaachia, ukapanga upya, inaweza kukataa kabisa huku keki inakatwa. Kwenye D7100 na D7200 nenda menyu ya penseli, a2, uweke Release, na hapo itapiga unapotaka wewe. Kwenye D500 na D850, ukiwa ndani ya AF activation, ingia AF-ON only na uruhusu kupiga hata bila fokasi.

Nikon pia, kitufe cha AF-ON hakiwashi kitulizaji cha mtikisiko kilicho kwenye lenzi, kile cha VR. Kinaamshwa na shata iliyobanwa nusu. Ukitumia lenzi ndefu mkononi, weka kidole cha shahada kikiwa kimebana nusu huku gumba likifokasi, upe lenzi sekunde moja itulie.

Na kuna kumkabidhi mtu mwingine kamera. Baba wa bibi harusi anataka akupige na wewe, kwa wema wake. Ukimpa ilivyo, atabana shata na kupata ukungu, kisha atakuambia kamera yako mbovu mbele ya wateja. Kwa Canon zungusha tu gurudumu hadi mraba wa kijani. Humo mabadiliko yetu hayahesabiki na shata inafokasi kama zamani. Kwa Nikon nairudisha shata kwenye menyu kabla sijamkabidhi. Wanaokodisha kamera wafanye hivyo hivyo kabla ya kuirudisha, au angalau wabandike kipande cha selotepu chini ya bodi chenye maneno “fokasi nyuma”. Na wewe ukikodi bodi asubuhi ukakuta shata haifokasi, angalia kwanza swichi ya lenzi kama iko AF, kisha bana kitufe cha nyuma, ndipo umpigie simu mwenye kamera.