Kabla hujakaa na mtoto mezani kwa ajili ya Hisabati

Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, wazazi wengi huku Moshi tunahangaikia madaftari, sare na viatu vyeusi. Hesabu za mtoto tunazikumbuka Machi, karatasi ya jaribio ikishafika nyumbani imekunjwa mara nne chini ya begi. Kuna mambo yanayotakiwa kuwekwa sawa mapema, na mengi hayadai hela.

Anza na mdomo wako. Ile kauli ya "mimi hesabu zilinishinda tangu darasa la tatu" tunaisema kwa utani, lakini mtoto akiisikia anaona ameshapewa ruhusa. Kama zilikushinda, nyamaza, kaa naye hivyo hivyo.

Halafu fungua daftari la darasani kabla hujafundisha chochote. Hili nilijifunza kwa aibu. Mwanangu aliletewa 84 gawanya kwa 6. Nikamwonyesha ninavyofanya mimi: sita mara kumi ni 60, zinabaki 24, sita mara nne ni 24, basi jibu ni 14. Jibu ni sahihi kabisa. Kesho yake akarudi amewekewa alama nyekundu ya kukosa, kwa kuwa mwalimu alitaka njia ndefu ya kugawanya, hatua kwa hatua. Nilikasirika, na bado naona njia yangu haikuwa na kosa, ila aliyeumia ni mtoto. Siku hizi naanza na mfano wa mwalimu, yangu naileta baadaye kama ya kuhakiki jibu.

Vifaa vya kuandaa ni vichache. Kusanya vizibo vya soda mia moja, uvioshe, uvitie kwenye kopo. Tafuta na vijiti vya kufunga kumi kumi kwa mpira. Mtoto wa la kwanza au la pili, anayejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, haelewi kukopa kwenye kutoa mpaka afungue fungu la vijiti kumi kwa mkono wake. Kwenye 32 toa 7, mwache afungue fungu moja mwenyewe. Kiswahili chenyewe kinasaidia hapa: kumi na tatu inajieleza, kumi halafu tatu. Mtoto anayesoma kwa Kiingereza hapati msaada huo, na "thirteen" na "thirty" humchanganya sana masikioni. Mtajie namba hizo kwa lugha zote mbili. Yetu nayo ina mitego: ishirini na thelathini hazisemi kwamba ni kumi mbili na kumi tatu, mwambie wewe.

Saa ndiyo inayohitaji maandalizi kuliko yote, na wengi tunaipuuza. Ukutani mshale mfupi uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja asubuhi. Mkubwa ameshazoea, mdogo anaona anadanganywa. Weka saa ya mishale nyumbani, maana ya simu haionyeshi dakika zikizunguka. Kisha mpe swali kama hili: basi limetoka Moshi saa 2:45 asubuhi, limefika Arusha saa 4:20, limetumia muda gani? Wengi wataandika saa 1 na dakika 75. Usimpigie kelele. Amekopa mia, kama anavyokopa kwenye namba za kawaida, wakati saa moja ukiikopa unapata dakika 60. Jibu ni saa 1 na dakika 35. Akishaliona kosa hilo kwenye mishale, halirudii kirahisi.

Kwa hesabu za sehemu, chapati inatosha. Ikate robo, kisha kila robo uikate katikati, umuulize kipi kikubwa, moja ya nne au moja ya nane. Anayesema ya nane kwa sababu nane ni kubwa, mpe kipande hicho ale, uone kama hatabadilisha jibu.

Panga muda kabla giza halijaingia, na asiwe na njaa. Dakika ishirini zinatosha. Saa nzima ya machozi haifundishi kitu. Mwalimu naye muulize mapema wanaanza mada gani, hasa kama mtoto anaingia la nne, maana mwaka huo kuna upimaji wa kitaifa.

Wa la tano na kuendelea mpe mlima wetu wenyewe, Kilimanjaro. Horombo, kituo cha kulala wapandaji, ni mita 3,720, kileleni ni mita 5,895: mpandaji anaongeza mita ngapi? Mwache akisie kwanza, ndipo aandike.

Jumamosi mchukue sokoni Mbuyuni, lakini muandae kabla hamjatoka. Mpe buku tano, yaani shilingi elfu tano, mwambie mnataka mafungu matatu ya nyanya ya jero jero (mia tano kila moja) na chane mbili za ndizi, ataje chenji kabla muuzaji hajaitaja. Mwuzaji mwenye haraka atamkatisha. Mwombe asubiri kidogo, nawe usimsaidie. Wangu mara ya kwanza alisimama kimya anahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, foleni ikaongezeka, mama mmoja akaguna. Alipotaja chenji alikosea kwa mia tano, akajirekebisha mwenyewe hatua tatu mbele, tukiwa tunaelekea kwenye dagaa.