Jinsi ya kuchora ramani ya kijani ya mtaa wenu bila kumpeleka fundi baiskeli Ethiopia

Haya wadau, watu wamekuwa wakiniuliza ile ramani tuliyobandika pale kwenye baraza la kahawa Ngamiani, hapa Tanga, tuliifanyaje, nikaona niandike mara moja yaishe maana kutuma voisi kila siku nimechoka. Ni ramani ya mambo ya mazingira ya mtaa tu, yaani maji ya kuchota yako wapi, mti gani una kivuli cha maana, nani ananunua chupa na skrepa, fundi gani anafufua pasi iliyokufa, mikoko imebaki wapi, taka zinamwagwa wapi usiku. Wala siyo jambo jipya, New York kuna mama anaitwa Wendy Brawer alitoa ya mji wake 1992, mwaka 1995 akaanzisha Green Map na miji mingine ikawa inatumia alama zinazofanana. Hapa nchini kwetu, Dar walichora Tandale 2011, afu 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria wa kuchora mitaa ya Dar kwa sababu ya mafuriko. Kwa hiyo mkianza leo hamjachelewa, ila msianze na Tanga nzima jamani. Anzeni na mtaa mmoja, barabara nne tano mnazozijua mpaka mbwa wake.

Kabla hamjashika simu kaeni mkubaliane mnachora nini. Hapa ndo watu wengi wanaruka na sisi tuliruka, tulikuwa watu tisa kila mtu akatoka na akili yake, jioni tumerudi na pointi mia na kitu nusu yake maduka ya vocha. Ikabidi tukae upya. Mwenzetu mmoja akabisha sana, anasema ramani ya mazingira ni miti na bahari, fundi baiskeli anaingiaje humo? Nikamwambia twende ukakae naye.

Mnamjua huyo mzee, yule anayekaa chini ya mkungu, boksi la spana miguuni na beseni la maji ya kutafutia pancha. Tulikaa naye asubuhi mpaka adhuhuri. Aliziba pancha saba, akanyoosha ringi mbili, na mama mmoja muuza samaki akafungiwa pedeli iliyotolewa kwenye baiskeli nyingine iliyokufa zamani, ikiwa imening'inizwa juu ya mti kama mshikaki. Viraka vyenyewe anakata kwenye tyubu chakavu kwa mkasi wa kushonea. Sasa Tanga hii mji tambarare, watu wengi wanakwenda sokoni, shamba na kazini kwa baiskeli, huyu mzee akihama wiki moja watu wangapi watapanda bodaboda? Yule mwenzetu akanyamaza, akachora alama mwenyewe.

Toka hapo ndo nikaelewa kwamba sisi maeneo ya kijani tunayo mengi ila hatuyaiti hivyo. Yule anayekusanya vifuu na makumbi ya nazi kwa ajili ya kuni, anayechukua machicha akalishe kuku, fundi viatu, fundi redio, kijana wa mkokoteni wa skrepa, bustani za mchicha kando ya mtaro, bomba la jumuiya. Tukakata mpaka makundi kumi, kila kundi na alama yake, na kila kundi tukaliandikia sentensi moja ya kigezo. Mfano mti unaingia kama watu watano wanaweza kukaa kivulini saa sita mchana, basi, vimiti vya mapambo vya getini havimo. Inaonekana kichekesho ila inaokoa ugomvi sana.

Mabaya pia yaingie au yasiingie? Jalala bubu, mtaro ulioziba? Mimi nasema yaingie kwa rangi yake tofauti, sababu ramani ya kusifia tupu haimsaidii mtu, ila usiandike jina la mtu wala namba ya nyumba hapo. Andika "taka mtaroni karibu na daraja dogo" inatosha.

Kingine, ruhusa. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji kabla, siyo baada, mkiwa na karatasi moja inayosema nyie nani na mnafanya nini. Vijana wanne mnazunguka na simu mnapiga picha milango ya watu, mnategemea nini? Yule yule mzee wa mkungu siku ya kwanza tumemwamkia shikamoo akaitikia vizuri, kuona naandika akasimamisha kazi.

"Mnatoka jiji nyie?"

"Hapana babu, ni wa hapa hapa mtaani."

"Sasa mnaniandika ili iweje, nije kutozwa?"

Ana haki. Na upande wa Chongoleani ndo kabisa, toka habari za bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, zianze watu wameshaona wapimaji wa kila aina, ukisimama kwenye mnazi wa mtu unaandika namba atajua unathamini fidia. Kwa hiyo eleza kwanza, onyesha skrini, mwache aguse mwenyewe, akikataa mtoe bila maneno. Jina na namba ya simu ya mtu usiweke mpaka akubali, tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, siyo adabu tu. Mzee wetu alikubali tuandike "fundi baiskeli, chini ya mkungu", jina akasema la nini, wanaonijua wananijua.

Sasa simu. Simu ya kawaida ikiwa pa wazi inakosea kama mita 5 hivi, ukiingia chini ya bati au katikati ya maghorofa inakosea zaidi. Washa lokesheni, simama nje, subiri dakika moja nzima kabla hujabonyeza, usifanye huku unatembea. Sisi wa kwanza kabisa alibonyeza akiwa bado kwenye daladala, kisima chake kikaangukia baharini.

Na mkiandika namba za lokesheni kwa mkono kwenye daftari muwe macho na alama ya kutoa. Tanga tuko kwenye kama -5.07 na 39.10, ile -5 maana yake kusini ya ikweta. Aliyekuwa anaingiza kwenye kompyuta akasahau kale kamstari, fundi wetu wa mkungu akaibukia kusini mwa Ethiopia. Akarekebisha, safari hii akageuza ya kwanza ikawa ya pili, mzee akahamia Hispania. Tulicheka mpaka tukamwambia mzee mwenyewe, akasema basi nikatieni tiketi. Dawa yake ndogo, kabla hujahifadhi fungua ramani uone pointi zote zimekaa mjini, iliyo nje ya Tanga inaonekana yenyewe.

Programu msihangaike sana. Pointi za kudumu kama visima, mabomba, mitaro, njia za miguu, wekeni kwenye OpenStreetMap, ni ramani ya mtandaoni ya bure, ipo toka 2004, yeyote anafungua akaunti anahariri, afu kwenye simu mnaweza kuitazama bila bando kwa programu ya Organic Maps au OsmAnd. Kosa moja msifanye, kunakili kutoka Google Maps kuleta huku, hairuhusiwi, na wenye OpenStreetMap wataifuta kazi yenu. Ongeza unachokiona kwa macho yako. Yale ya kuhamahama kama muuza mboji au kijana wa skrepa yabaki kwenye fomu ya KoboToolbox (programu ya kujazia maswali kwa simu) au Excel yenu wenyewe, maswali yasizidi sita: nini, wapi, siku gani yupo, picha, nani kaandika, tarehe. Hiyo tarehe msiidharau. Pointi isiyo na tarehe baada ya mwaka hujui kama bado ipo au unamtembeza mtu juani bure.

Mkienda pwani ulizeni maji kwanza. Sisi tulijipanga Sahare kuchora mikoko jumamosi saa nne, tumefika maji yamejaa hadi shinani, tukakaa kula mihogo mpaka yakatoka. Muulizeni mvuvi kama ni bamvua, yaani maji yanajaa na kutoka sana, au maji mafu, yaani yanasogea kidogo, nenda yakianza kutoka ili urudi kabla hayajageuka, na vaeni viatu vya kufunga, kandambili zinabaki kwenye tope. Mkiwa na mtu mzima anayejua atawatenganishia mkoko na mchu na mlilana na mkandaa, sisi tulikuwa tunaita vyote mikoko tu. Penye visiki vipya tulipiga picha tukapeleka kwa mwenyekiti, hatukurusha mtandaoni, mikoko inalindwa kisheria na yule anayekata mara nyingi ni jirani, mwacheni anayehusika azungumze naye.

Afu kuna vitu havichorwi. Viota vya kasa, kamwe, ukiweka pini umemchorea ramani mwizi wa mayai. Miamba ya wavuvi, ile siri yao ya kula. Sehemu za tambiko ulizeni wazee, wengine walituambia wekeni mbuyu lakini msiandike ni wa nini, tukafanya hivyo hivyo.

Mkimaliza chapisheni. Mtandaoni sawa ila watu wanaojua mtaa wengi hawafungui linki, wanakunywa kahawa. Peleka faili steshenari ya kuchapa mabango, toa kwenye fleksi kubwa, maandishi makubwa maana wazee hawaji na miwani, bandika penye baraza na nyingine ofisi ya serikali ya mtaa. Na kalamu ya maka ifungwe kwa kamba hapo pembeni. Usiku wa kwanza tu tulikuta mabomba mawili yamekatwa msalaba, moja limeandikwa "limekauka toka Ramadhani", na kundi zima la mafundi cherehani tulilolisahau limeongezwa na mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wetu. Tunapita kupiga picha masahihisho hayo mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na kabla vuli haijaanza, tunarekebisha, tunachapa upya. Fleksi ya zamani safari iliyopita aliichukua mzee wa mkungu, ndo turubai lake la mvua sasa hivi, na Ethiopia haimo.